Baridi yabisi: wangapi duniani, wangapi katika makanisa yetu?



Hapa Lubumbashi, mtu akisema "niko na rimatizimu", kila mmoja anamwitikia kwa huruma, na hakuna anayeuliza zaidi. Mzee ambaye magoti yanamuuma akipanda ngazi ana rimatizimu. Baba aliyevimba kidole gumba cha mguu usiku wa kuamkia sikukuu ana rimatizimu. Mtoto ambaye mifupa inamuuma kila mwezi naye ana rimatizimu. Na yule mama wa kwaya ambaye mikono yote miwili imevimba kwa miezi mitatu sasa, ambaye asubuhi hawezi kushika mwiko wa bukari mpaka jua lipande, naye pia tunasema ana rimatizimu.

Hao wanne huenda wana magonjwa manne tofauti. Neno moja limewafunika wote, na anayeumia zaidi kwa kufunikwa hivyo ni yule mama wa mwisho. Ugonjwa wake, ukitambuliwa mapema, unaweza kuzuiwa usiharibu mikono yake. Ukiachwa miaka miwili au mitatu, kile ambacho mifupa imepoteza hakirudi tena.

Ugonjwa huo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanauita baridi yabisi, nasi tutatumia jina hilo hapa. Wasomaji kutoka Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, pamoja na wa hapa mjini, huuliza kama kweli ni ugonjwa wa Waafrika au ni wa Wazungu, na kama wenye ugonjwa huo ni wengi. Katika makala hii tunakusanya yale yanayojulikana kuhusu wingi wake duniani, Afrika na katika nchi yetu, kisha tunaeleza namna ya kuutambua na kazi ambayo kanisa linaweza kufanya.

Baridi yabisi ni nini

Mwili wa binadamu una kinga inayopigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye baridi yabisi, kinga hiyo inakosea na kuushambulia mwili wenyewe. Mahali inaposhambulia zaidi ni kwenye utando mwembamba unaozunguka viungo, yaani pale mifupa inapokutana. Utando huo unavimba na kuwa mnene, unajaa maji na joto, halafu pole pole unakula gegedu na hata mfupa. Mwishowe vidole vinapinda upande mmoja na kiganja kinakosa nguvu.

Kinachoshambuliwa si viungo peke yake. Mgonjwa anachoka sana, anapungua uzito, damu inaweza kupungua, na mapafu, macho na moyo vinaweza kuguswa. Watu wenye baridi yabisi isiyotibiwa wanapatwa zaidi na magonjwa ya moyo, na wengi hawafikii umri ambao wangefikia.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu hauchukui kwa kushikana mikono na mgonjwa, kula naye sahani moja wala kulala naye kitanda kimoja. Wala si ugonjwa mpya. Mwaka 1800, huko Paris, daktari kijana aliyeitwa Augustin Jacob Landré-Beauvais aliandika juu ya wagonjwa tisa, wote wanawake, na akasema kwamba huo haukuwa ugonjwa wa gauti kama madaktari wenzake walivyodhani. Mwaka 1859 daktari Mwingereza, Alfred Baring Garrod, aliupa jina la kitaalamu ambalo madaktari wanaolitumia Kiingereza wanalitumia mpaka leo.

Hesabu ya dunia

Shirika la Afya Duniani, ambalo wengi wetu tunaliita OMS, linasema kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na baridi yabisi. Kati ya kila wagonjwa 10, karibu 7 ni wanawake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wana umri unaopita miaka 55, ingawa wengi huanza kuugua kabla ya hapo, kati ya miaka 30 na 60, yaani katika miaka ambayo mtu analea watoto na kulisha nyumba.

Watafiti wa kimataifa wanaohesabu mzigo wa magonjwa duniani walipata hesabu inayokaribiana na hiyo: watu milioni 17.6 mwaka 2020. Waliongeza kwamba, mambo yakiendelea kama yalivyo, mwaka 2050 wagonjwa wanaweza kufika milioni 31.7. Sababu kubwa ya ongezeko hilo ni kwamba watu duniani wanazidi kuongezeka na kuishi miaka mingi zaidi.

Tukigawanya milioni 18 kwa watu wote wa dunia, watoto wachanga wakiwemo, tunapata watu wawili au watatu kati ya kila 1,000. Lakini ugonjwa hauko sawa kila mahali. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vitabu vya madaktari husema kwamba kati ya watu wazima 1,000 kuna wagonjwa kati ya 5 na 10. China hesabu huwa chini zaidi, karibu watu 3 kati ya 1,000. Na kuna mahali ambapo ugonjwa umezidi kabisa: kwa watu wa Pima, wenyeji wa asili wa Arizona nchini Marekani, watafiti walipata karibu watu 5 katika kila 100. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba baridi yabisi si ugonjwa wa Wazungu. Watu ambao umewaandama kuliko wengine wote walikuwa Amerika kabla Wazungu hawajafika.

Afrika: je, ugonjwa haupo au hauonekani?

Kwa muda mrefu madaktari wengi walifundishwa kwamba baridi yabisi ni nadra kwa Waafrika. Hawakusema hivyo bila sababu. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kazi yao juu ya kijiji kimoja cha Watswana, na waliona mtu mmoja hivi tu mwenye ugonjwa kati ya watu wazima 1,000. Mwaka 1993 wengine waliandika juu ya kijiji kimoja cha Nigeria: waliwachunguza watu wazima karibu 2,000 na hawakumpata hata mgonjwa mmoja.

Lakini mwaka ule ule wa 1975, watafiti wale wale wa Afrika Kusini walichapisha pia kazi waliyoifanya Soweto, mji mkubwa wa Waafrika ulio karibu na Johannesburg. Huko walipata watu 9 hivi kati ya 1,000, sawa kabisa na Ulaya. Watu walikuwa wa nchi moja, lakini hesabu ya mjini ilikuwa karibu mara nane ya ile ya kijijini.

Wataalamu wametoa maelezo kadhaa juu ya tofauti hiyo. La kwanza ni damu ya ukoo. Kuna alama za kurithi zinazomfanya mtu awe na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata baridi yabisi, na alama hizo ni chache kwa jamii nyingi za Kiafrika kuliko kwa Wazungu au Wapima. La pili ni umri. Vijiji vya Afrika vimejaa watoto na vijana, na ugonjwa huu ni wa watu wazima. Mahali ambapo karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18, wagonjwa wataonekana wachache hata kama hatari kwa kila mtu mzima ni ile ile. La tatu ni maisha ya mjini: sigara, vumbi la viwandani, chakula kilichobadilika. Uvutaji wa sigara, hasa, umethibitishwa kuongeza hatari.

Na kuna sababu ya nne, ambayo sisi huku tunaiona kila siku. Kuhesabiwa kunamtaka mgonjwa aende hospitali, akutane na mtu anayeujua ugonjwa, na apimwe. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hakuna hata daktari bingwa mmoja wa viungo kwa kila watu milioni moja. Mgonjwa akibaki nyumbani na jina lake la rimatizimu, haingii katika hesabu yoyote.

Kinshasa walipopita nyumba kwa nyumba

Nchi yetu imetoa jibu moja muhimu katika mjadala huu. Mwaka 2012, daktari Jean-Jacques Malemba, profesa Jean-Marie Mbuyi-Muamba na wenzao walichapisha utafiti walioufanya Kinshasa. Hawakusubiri wagonjwa waje hospitali. Walienda katika mitaa ya mji wakawauliza na kuwachunguza watu 5,000 wenye miaka 18 au zaidi. Walipata kwamba asilimia 0.6 walikuwa na baridi yabisi, yaani watu 6 kati ya kila watu wazima 1,000.

Hesabu hiyo haiko mbali na ile ya Ulaya. Kwa hiyo yule anayesema kwamba ugonjwa huu haupo Kongo hasemi kweli. Watafiti hao walitazama pia wagonjwa waliokuwa wakitibiwa katika hospitali ya chuo kikuu huko Kinshasa. Wengi wao walikuwa wamechelewa kufika, na picha za eksirei zilionyesha kwamba viungo vya wengi vilikuwa vimekwisha kuharibika.

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa kwetu, na watu wa Katanga, Kivu na Tanganyika si watu wa Kinshasa. Hata hivyo, tukichukua hesabu ile kama kipimo cha kutusaidia kufikiri, tutaona hivi: katika mtaa wenye watu wazima 10,000, wagonjwa wangekuwa 60. Katika kusanyiko lenye washirika wazima 500, wangekuwa watatu, na huenda wawili kati yao ni wanawake. Kila mchungaji anayesoma maneno haya anaweza kujiuliza kama anawajua watatu hao kwa majina.

Mambo ya Lubumbashi: baridi na vumbi

Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi zina baridi kali. Ndiyo maana watu wengi husema kwamba baridi ndiyo inayoleta ugonjwa, na hata jina la baridi yabisi linasema hivyo. Ukweli ni kwamba baridi haisababishi ugonjwa huu. Upo katika nchi za joto kali vilevile. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa asikie maumivu na ukakamavu zaidi, na blanketi au maji ya moto humsaidia asubuhi, lakini kujifunika hakuzuii kinga ya mwili kukosea. Mama anayeambiwa "ni baridi tu, kiangazi kitapita" anapoteza miezi ambayo alipaswa kutibiwa.

Jambo la vumbi ni zito zaidi. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyoulisha mji kwa miaka mingi kabla ya Gécamines. Mpaka leo baba na ndugu zetu wengi wanashinda migodini, wengine katika makampuni, wengine wakichimba kwa mikono. Jiwe linapopasuliwa hutoa vumbi jembamba la silika ambalo huingia ndani ya mapafu. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, waliokuwa na baridi yabisi, walikuwa na vivimbe vya namna ya pekee katika mapafu. Baadaye watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wanaume waliofanya kazi katika vumbi la silika walipata baridi yabisi mara nyingi zaidi kuliko wengine, na waliovuta sigara juu ya vumbi hilo walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wachimbaji ni rahisi: kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kulipasua, kufunika pua na mdomo kwa kinyago kinachofaa, kuacha sigara. Hayo yanalinda pia na kifua kikuu na ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji. Na mchimbaji mwenye mikono iliyovimba asubuhi asidhani kwamba ni uchovu wa nyundo na chepe tu.

Namna ya kuutambua

Hatuandiki ili kila mtu ajipime mwenyewe, bali ili ajue lini aende kwa daktari. Dalili hizi zikikutana, usingoje:

- Viungo vimevimba, si kuuma tu. Ukivigusa ni vya moto na laini.
- Vinavyovimba ni viungo vidogo vya mikono na miguu: vifundo vya vidole karibu na kiganja, viungo vya katikati ya vidole, kifundo cha mkono, sehemu ya mbele ya unyayo.
- Mara nyingi ni pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto.
- Asubuhi viungo vimekakamaa, na ukakamavu unachukua saa moja au zaidi kuachia. Mama hawezi kufunga kitenge, kuwasha mbabula au kukamua nguo.
- Hali hiyo imeendelea wiki sita au zaidi.
- Kuna uchovu mwingi usio na sababu.

Jaribio moja ni jepesi: mtu akikukamata mkono kwa salamu na kukubana kidogo kwenye vifundo vya vidole, nawe ukaruka kwa maumivu, mwambie daktari habari hiyo.

Daktari atachunguza viungo kwa mikono yake, kisha anaweza kuomba vipimo vya damu na picha ya eksirei. Kipimo kimoja cha damu hutafuta kile madaktari wanachokiita faktari rumatoidi. Tujue kwamba kipimo hiki hakimalizi neno. Wagonjwa wengine wa kweli hawaonyeshi kitu, na watu wengine wasio na baridi yabisi wanaonyesha, kwa sababu kifua kikuu, homa ya ini na maambukizi mengine ya muda mrefu yanaweza kukiamsha. Karatasi ya maabara isomwe pamoja na mikono ya mgonjwa.

Magonjwa yanayochanganywa nao

Uchakavu wa viungo ndio ulio mwingi kuliko yote. Unashika magoti, nyonga na mgongo wa watu wenye umri, au waliobeba mizigo mizito. Maumivu yake huzidi jioni baada ya kazi, na ukakamavu wa asubuhi hupita kwa dakika chache.

Gauti hushambulia ghafla, mara nyingi usiku, na mara nyingi kidole gumba cha mguu cha mwanamume. Inatokana na asidi ya uriki iliyozidi katika damu. Pombe na nyama nyingi huichochea.

Siko seli, ambayo kwa Kifaransa cha hapa watu huita SS, huumiza mifupa ya watoto tangu wakiwa wadogo sana. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kupimwa damu upesi.

Homa ya rumatizimu huwapata watoto na vijana baada ya maumivu ya koo. Viungo huuma kimoja baada ya kingine na kupona, lakini moyo unaweza kubaki na jeraha la maisha. Jina lake linafanana na la baridi yabisi, lakini ni ugonjwa mwingine, na penisilini inaweza kuzuia usirudi.

Chikungunya, ambayo ililipuka Kinshasa na Kongo ya Kati mwaka 2019, inaacha viungo vikiuma kwa majuma au miezi. Na kifua kikuu kinaweza kukaa katika kiungo kimoja au katika uti wa mgongo.

Kila mmoja kati ya hayo una matibabu yake, na dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine.

Dawa: zinazotuliza na zinazozuia

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Dawa za maumivu, kama diclofenac, ibuprofen au Indocid, hupunguza maumivu kwa saa chache. Hazizuii mfupa kuliwa. Mtu anayezimeza kila siku kwa miezi anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, au kuharibu figo.

Dexamethasone na prednisone zinashusha uvimbe haraka sana, na kwa sababu hiyo watu wanazipenda. Zinauzwa bila karatasi ya daktari, na wauzaji wengine huzichanganya katika vifuko bila kusema. Daktari anaweza kutoa prednisone kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Lakini anayejinunulia na kuendelea kwa miezi anavimba uso, anapandisha sukari na presha, mifupa inalegea, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Tena, mtu aliyezitumia muda mrefu asiache siku moja kwa ghafla. Mwili unaweza kuanguka. Amwone daktari ili apunguze pole pole.

Dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe ni nyingine. Ya kwanza kati yake ni methotrexate, inayotumiwa sana kwa baridi yabisi tangu miaka ya 1980. Nyingine ni sulfasalazine na hydroxychloroquine. Zote tatu ziko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Hazifanyi kazi kwa siku moja. Mgonjwa huanza kuona nafuu baada ya majuma sita mpaka miezi mitatu, na wengi hukata tamaa kabla ya hapo.

Kuhusu methotrexate tunaomba kila mmoja akumbuke mambo manne. Kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma, si kila siku. Waliokosea na kuimeza kila siku wengine walikufa. Huambatana na asidi foliki. Inadai damu ipimwe mara kwa mara, na pombe iachwe, kwa ajili ya ini. Na haifai kabisa kwa mama mjamzito au anayetafuta mtoto, kwa sababu inaharibu mimba. Mama wa namna hiyo amwambie daktari mapema ili abadilishiwe. Inajulikana pia kwamba wanawake wengi hupata nafuu wakiwa na mimba, halafu ugonjwa unarudi kwa nguvu baada ya kuzaa. Familia isishangae, wala isimlaumu mtoto.

Kuna dawa mpya zaidi, za sindano, zilizoanza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni ghali mno kwa wengi wetu, na zinaweza kuamsha kifua kikuu. Lakini jambo la kushukuru ni kwamba kwa wagonjwa wengi, ile methotrexate ya bei ndogo, ikianzwa mapema na kufuatwa vizuri, inatosha kulinda mikono.

Mazoezi yana sehemu yake. Uvimbe ukiwa mkali kiungo kipumzishwe. Ukitulia, kinyooshwe na kutumiwa kila siku kidogo kidogo. Kiungo kisichotumika kinakauka.

Wapi pa kwenda

Mabingwa wa viungo katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa. Hilo lisitufanye tukae nyumbani. Anza na kituo cha afya cha mtaa wako, useme wazi: viungo gani vimevimba, tangu lini, na asubuhi vinakaa muda gani kabla ya kuachia. Omba kutumwa kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Kwa Lubumbashi, hospitali kubwa kama Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ndizo mahali ambapo kesi ngumu hupelekwa.

Wauguzi wa kawaida wanaweza kujifunza kazi hii. Kenya, madaktari wa Nairobi pamoja na wenzao wa Ulaya walianzisha mradi walioupa jina la Uwezo, wa kuwafundisha watumishi wa afya namna ya kuchunguza viungo na kutambua baridi yabisi mapema. Makanisa yetu yana vituo vya afya na hospitali nyingi mashariki mwa Kongo. Somo kama hilo, la siku chache, linaweza kufika hata mahali ambapo bingwa hatafika.

Kazi ya kanisa

Tunasema jambo hili kwa unyenyekevu, kwa sababu linatugusa wenyewe. Mikono inapopinda, maneno huanza. Wengine husema mama huyu amelogwa, wengine kwamba yeye ndiye anayeloga, wengine kwamba ana dhambi ambayo hakuiungama. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali kama hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu alilowapa katika Yohana 9 tunalijua. Mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani anamwibia mikono yake. Tuombe pamoja naye, na juma likifika tumkumbushe kidonge chake.

Yako mambo madogo ambayo kila kusanyiko linaweza kuyafanya. Ibada ya alfajiri ni mzigo kwa mtu ambaye mwili unaachia saa tatu. Asihesabiwe kuwa mvivu au aliyepoa. Apewe kiti chenye mgongo badala ya benchi la chini. Tunaposalimiana, tusimkamue mkono. Wamama wanapogawana kazi za jikoni siku ya mkutano mkubwa, asipewe sufuria ya bukari, lakini asiachwe pembeni pia. Apewe kazi ambayo mikono yake inaiweza. Mashemasi wanaotembelea nyumba wajue dalili tulizoziandika hapo juu, na kikundi cha akiba kifikirie nauli na pesa za vipimo. Mume aelezwe vizuri, maana ndoa nyingi zinavunjika mahali ambapo mke anaonekana amekuwa mzito wa kazi bila mtu kujua sababu.

Tarehe 12 Oktoba kila mwaka ni siku ya dunia ya magonjwa ya viungo. Tunapendekeza Jumapili iliyo karibu na siku hiyo itolewe dakika kumi baada ya ibada, muuguzi wa kanisa asimame na kuwauliza washirika swali moja: nani kati yetu anaamka na mikono iliyovimba, na saa moja inapita kabla haijafunguka? Wakijitokeza hata wawili, waandikwe majina na mtu awasindikize kituo cha afya juma hilo hilo.

Bwana awabariki, na awape wagonjwa wetu nguvu na watu wa kuwasindikiza.